Daftari la Wino Mwekundu na Kichwa cha Kagendo

Wiki iliyopita mjukuu wangu Rehema alileta wenzake watatu hapa Dallas, mtaa wetu wa Embu, wanafunzi wa uuguzi. Wakanywa chai yangu, wakamaliza mkate wote, kisha wakafungua vitabu mezani. Nikajiweka kando nione vijana wa siku hizi wanasomaje. Wanangu, sikuona mtu akisoma. Kila mmoja alitoa simu, akaupiga picha ukurasa, akafunua mwingine, akaupiga nao. Kabla uji wangu haujatokota walikuwa wamefika katikati ya kitabu. Mmoja wao, msichana wa Maua kule Meru, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio mlima wa pili, akafunga chake akasema, "Hiyo nimemaliza."

Nikamuuliza amemaliza nini.

"Shosho, iko kwa simu."

Nilitaka kumcheka, nikajizuia, kwa sababu huyo msichana ni mimi. Tofauti ni kwamba simu yangu ilikuwa daftari. Baadaye wakaniuliza kama kuandika unaposoma kunasaidia kukumbuka kitabu, nami nikawapa jibu fupi kwa kuwa jua lilikuwa linazama na mmoja wao anakaa mbali. Jibu refu ni hili. Lina mambo ambayo hata Rehema hajawahi kuyasikia.

Nimekuwa mkunga maisha yangu yote ya kazi. Msiniulize nimepokea watoto wangapi, huku kwetu watoto hawahesabiwi. Nilizaliwa Majengo ya Embu, mtaa wa Waislamu, baba yangu akiwa na bucha, na nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu bibi zangu walitoka kila upande na hawakuwa na lugha nyingine ya kugombana. Nilipoingia kujifunza ukunga nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nchi ilikuwa kwenye Imajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Watu wa mashambani walikuwa wamehamishwa kwa nguvu, wakarundikwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, mlango mmoja wa kuingilia, homugadi, askari wenyeji wa serikali, na bunduki mlangoni. Ukitaka kwenda popote, pasi, kile kibali cha kutembea. Ukikutwa na karatasi isiyoeleweka, shauri yako.

Sisi wanafunzi tulikuwa sita na kitabu kilikuwa kimoja. Kitabu kinene cha Kiingereza, kimechanika mgongo, kila mtu alikaa nacho siku tatu kisha akakitoa. Hizo siku tatu zilinitia wazimu. Nilihofia kitabu kitaondoka na mambo yote yaliyomo, kwa hiyo nikayanakili. Nilinakili kila kitu. Nilipata wino wa buluu na wino mwekundu. Buluu kwa maneno ya kawaida, nyekundu kwa hatari. Michoro niliipiga kwa rula. Baba akanipa karatasi ya kufungia nyama, ile ngumu ya kahawia, nikalivika daftari langu kama koti. Wanafunzi wa wodi nyingine walikuja kuliangalia, na mwalimu wetu aliwahi kuwaonyesha wageni. Nilivimba kichwa, msinione hivi.

Sasa sikilizeni siri ya mtu anayenakili. Mkono unafanya kazi na kichwa kinalala. Ningeweza kuandika ukurasa mzima kuhusu kifafa cha mimba huku nikiwaza kama nguo nilizoanika zimekauka. Siku moja mwalimu aliniuliza wodini, mbele ya mama mwenye miguu iliyovimba, nitafanya nini. Nikamjibu kwa adabu kabisa, "Ngoja nikimbie nilete daftari." Wodi nzima ilicheka, na yule mama mwenyewe akacheka, nami nikacheka nao. Sikuona kuwa hapo nilikuwa nimeonywa.

Mwenzangu wa kitanda cha jirani aliitwa Kagendo, mtu wa Mikinduri, mtoto wa wakulima Wakristo. Huyu alikuwa haandiki kabisa. Kalamu aliishika siku ya mtihani tu. Mwanzoni nilidhani ni mvivu. Kumbe kaka yake alikuwa mwalimu wa shule na mwimbishaji kanisani, na homugadi walipopekua nyumba yao walikuta daftari lenye namba za nyimbo za Jumapili. Wakasema hizo ni hesabu za risasi. Kaka akachukuliwa, na jioni hiyo mama yao alichoma kila karatasi iliyokuwa nyumbani, hadi kalenda ya ukutani. Kagendo akaniambia hataki kuwa na karatasi yenye mwandiko wake mpaka Wazungu warudi kwao.

Kwa hiyo alisoma namna hii. Alisoma ukurasa mmoja, au miwili ikiwa mifupi, akakifunga kitabu. Akaenda jikoni kwa Mama Wanja, mpishi wetu, mwanamke wa Kiembu aliyezaa watoto tisa na asiyejua hata a. Akashika ndizi amsaidie kumenya, na akimenya anamsimulia alichosoma. Kwa Kiswahili, kwa maneno ya jikoni. Mama Wanja hakuwa msikilizaji wa kutikisa kichwa tu. Alikuwa anakata maneno kila mara, anataka kujua sababu.

"Hiyo kitabu inasema asugue tumbo. Kwa nini asugue?"

"Ili nyumba ya mtoto ikaze, damu ifunge."

"Na ikikataa kukaza?"

Hapo Kagendo huweka kisu chini, hurudi bwenini mbio, hufungua kitabu, husoma kipande kile tu alichokosa, hufunga, hurudi jikoni. Nimemwona akienda na kurudi mara tano kwa ukurasa mmoja. Nami nimekaa kitandani na wino wangu wa rangi mbili, nawasikia kupitia dirishani wakibishana kuhusu kondo la nyuma, nasema moyoni, masikini, huyu atafeli.

Nilimwambia siku moja nimwazime daftari langu ajisomee kwa raha. Akalipindua huku na huku, akalisifu, akanirudishia.

"Zuhura, yote iko kwa daftari," akasema. "Sasa kwa kichwa iko nini?"

Nilikasirika. Nikamnunia siku mbili.

Basi, ikawa wanawake wa vijiji vile hawawezi kuja kwetu kujifungua, maana uchungu haungoji pasi. Tukawa tunapelekwa sisi kwao, wawili wawili, na lori la hospitali, asubuhi kwenda na jioni kurudi kabla ya kafyu. Siku ninayoisema tulipangwa mimi na Kagendo. Tulipofika kwenye lango la kijiji kimoja tuliambiwa yuko mama anaitwa Igoki, uchungu umemwanza alfajiri. Dereva akatushusha akaenda kupeleka dawa kijiji cha mbele. Mkubwa wa homugadi akafungua mfuko wangu apekue kama kawaida. Akatoa mkasi, akatoa uzi, akatoa daftari.

Alifungua palepale penye mchoro. Ule mchoro nilikuwa nimeuchora kwa siku mbili: tumbo la uzazi na mirija yake miwili, mishale ya kuonyesha njia ya mtoto, na misalaba midogo ya wino mwekundu mahali panapoweza kutoka damu. Aliutazama. Akaugeuza upande. Akawaita wenzake. Akasema hili ni pango la mlimani, hizi ni njia mbili za msituni, mishale ni watu wanavyoshuka, na misalaba myekundu ni mahali watakapotuua.

Nilicheka. Nani asingecheka? Kofi lililonipata ndilo lililoniambia kwamba hakuna mzaha.

Tulipelekwa kwenye kibanda chao cha matope, kwa afisa mmoja Mzungu, kijana, mwenye kaptura na chunusi. Kiingereza cha daftari langu alikiona, lakini nilikuwa nimejaza vifupisho vyangu mwenyewe, namba na herufi, mambo ya kuokoa nafasi. Akauliza kama ni mimi niliyeandika. Nikasema ni mimi. Akanisomea kichwa cha ukurasa mmoja, akalifunga, akaliweka chini ya kiganja.

"Kama wewe naandika, wewe najua," akasema. "Sema ukurasa hii nasema nini. Kama hapana jua, hii maneno ya siri."

Nilijua nimepona. Ni nani duniani aliyelijua daftari lile kuliko mimi?

Wanangu, nilifungua mdomo na hakukuwa na kitu. Nimeshapata mishtuko mingi. Nimezika mume, nimezika mtoto. Lakini ule wa kujipekua kichwani na kukuta patupu, sijapata mwingine kama ule. Niliuona ukurasa wazi kabisa. Nilijua una doa la chai upande wa chini kulia. Nilijua kichwa cha habari kimepigiwa mstari mara mbili kwa wino mwekundu. Maneno yenyewe hayakuwepo. Akafungua ukurasa mwingine bila kunionyesha, akaniuliza, nikaona rangi, nikaona mistari, sikuona neno. Wa tatu nikakumbuka neno moja tu, "hatari", na hilo ni kwa sababu niliandika kwa herufi kubwa. Mkubwa wa homugadi akamwambia afisa, si unaona, bwana, hajui.

Ndipo Kagendo, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Bwana, mimi najua hiyo."

Hakuna aliyemwita. Aliingia kuniokoa. Akauliza ukurasa unahusu nini, afisa akamwambia, damu baada ya kuzaa. Kagendo akaanza, kwa kile Kiswahili chake cha jikoni, akikunja vidole. Kwanza weka mkono juu ya tumbo, sugua nyumba ya mtoto mpaka ikaze iwe ngumu. Pili mpe mtoto titi, anaponyonya tumbo linajikaza. Tatu hakikisha amekojoa, maana kibofu kikijaa nyumba haikazi. Nne angalia kondo la nyuma, kama kuna kipande kimebaki. Akaenda hivyo mpaka saba, hakusita hata mara moja, na kila jambo na sababu yake, maana Mama Wanja asingemkubalia bila sababu. Afisa alikuwa anafuata kwenye daftari kwa kidole. Yote yalikuwamo.

Moyo wangu ukatulia. Nikamtazama afisa nione tabasamu, nikaona uso umebadilika.

Akamuuliza kama amewahi kulisoma daftari hili. Kagendo, mtu wa kweli, akasema hajawahi. Una karatasi yako? Sina. Umeandika mahali? Sijaandika. Basi umetoa wapi? Kagendo akagusa paji la uso wake. Mkubwa wa homugadi akainama akamnong'oneza afisa, nasi tukasikia: bwana, waliokula kiapo cha Mau Mau ndivyo wanavyosema, kwa kichwa, bila karatasi, na hesabu yao ni saba. Wakamuuliza jina la baba, wakauliza ndugu zake wako wapi. Hakuweza kuficha kwamba kaka yuko kizuizini. Wakamtoa, wakamweka chumba cha pili.

Mnaelewa jambo hilo? Mimi nimelielewa nusu mpaka leo. Aliyeandika asikumbuke alishukiwa kwa kutojua. Aliyekumbuka bila kuandika akashukiwa kwa kujua.

Afisa akanigeukia. Aliniona na buibui yangu, akajua mimi ni mtu wa Majengo, na watu wa Majengo hawakuogopwa sana. Akaniuliza polepole, "Huyu nasoma kitabu moja na wewe?"

Lilikuwa swali la kuokoa mtu. Ningesema ndiyo, bwana, kitabu ni kimoja, kiko hospitali, tuma mtu akichukue. Lakini nilikuwa nimemsikia akimwambia homugadi kwamba aliye pamoja na huyu ataondoka pamoja naye. Nikamwona baba kwenye bucha, nikaona pingu. Nikasema, "Sijui."

Sikulitafuta neno hilo. Kurasa mia za daftari zilikataa kuja, uongo ukaja mbio. Nikaambiwa niende nikafanye kazi yangu. Daftari likabaki mezani.

Igoki alizaa mchana huohuo, mimi na shangazi yake tu chumbani. Mtoto alitoka vizuri, kisha damu ikaanza, ile isiyosimama. Mkono wangu ukaenda mfukoni kutafuta daftari. Mfuko ulikuwa mtupu. Nilisimama, na nawaapia, wino wangu wote haukunisaidia hata kwa herufi moja. Kilichokuja ni sauti. Sauti ya Kagendo kupitia dirisha la jikoni na Mama Wanja akimkatiza, kwa nini asugue, na ikikataa? Nikaweka mkono juu ya tumbo. Nikamwambia shangazi amweke mtoto kwenye titi. Nikamkojolesha Igoki. Nilifuata ugomvi wao hatua kwa hatua, mpaka tumbo likawa gumu chini ya kiganja changu na damu ikakatika. Nilipotoka nje kunawa mikono, lori la polisi lilikuwa linatoka langoni na Kagendo alikuwa ndani.

Hivyo msichana wa Maua nilimwambia: ndiyo, andika, sikatazi. Nimefundisha wakunga wa Meru na Embu miaka mingi baada ya uhuru na sikuwakataza kalamu. Lakini kwanza funga kitabu. Kaa kidogo, menya ndizi, fagia. Kisha andika kilichobaki kichwani, kwa maneno yako, hata kama ni mistari miwili ya aibu. Ukifungua kitabu tena utaona ulichokosa, na hicho ulichokosa ukikiona kinauma, na kikiuma hakitoki. Halafu mtafute mtu asiyejua kitu, mwenye maswali mengi na asiyekuonea haya, umsimulie. Kila mwanafunzi wangu nilimpa mpishi au mfagiaji wa wodi awe mwalimu wake. Walidhani nawadharau. Kupaka rangi kurasa nzima ni kupaka rangi tu, iwe kwa wino, iwe kwa simu.

Vijana walisikia hayo tu wakashukuru, nami nikawafungulia mlango. Yaliyobaki nilishindwa kuyasema mbele ya Rehema, ndiyo sababu nayaandika.

Mwalimu wetu aliandika barua nyingi. Alibeba kitabu chenyewe mpaka ofisini kwa polisi waone kwamba ni ukunga. Akajibiwa jambo linaangaliwa. Mimi niliambiwa huenda nitaitwa kutoa maelezo, nikakaa nikiomba nisiitwe, na sikuitwa. Sikujipeleka. Kagendo alikaa kizuizini zaidi ya mwaka. Alipotoka hakurudi hospitali. Waliofungwa hawakurudishwa kazini hivihivi.

Nilimfuata Mikinduri. Nilimkuta uani kwa mama yake anapukuchua mahindi, amekonda, nywele zimenyolewa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakanipotea kama siku ile. Nikabaki nimesimama na leso yangu mkononi. Nikamwambia, "Kagendo, waliniuliza kama tulisoma kitabu kimoja. Nilisema sijui."

Alimaliza gunzi alilokuwa nalo, akalitupa kwenye rundo.

"Nilikusikia," akasema. "Ile ukuta ilikuwa ya matope."

Mwaka mzima, na zaidi, alikuwa anajua. Kisha akaniuliza kama yule mama alizaa. Nikamwambia alizaa mtoto wa kike, na damu ilimtoka sana, nikaisimamisha, na wote wawili wako wazima. Akauliza niliisimamishaje na daftari lilibaki kwa Mzungu. Nikamwambia ukweli, kwamba nilifanya alivyokuwa akimwambia Mama Wanja.

"Basi kazi ilifanyika," akasema, akasogea kwenye benchi nipate pa kukaa.

Nilikaa. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, kuku wakakimbia, na mama yake akachungulia mlangoni akarudi ndani. Kagendo akachukua gunzi jingine akaendelea kupukuchua. Hakuninyamazisha.